Wakurufunzi wangu wanakataa ubaguzi kwenye dodoso, lakini darasani nauona

Barua

Kwako Mshauri,

Mimi ni mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu. Nina wakurufunzi 40 wanaojiandaa kufundisha shule ya msingi, wengi wao wanawake. Mwanzoni mwa muhula niliwapa dodoso lenye kauli kama hii: "Wavulana wana kipaji cha hisabati kuliko wasichana." Karibu wote waliweka alama kwenye "Sikubaliani kabisa", nikaona kazi imekwisha kabla haijaanza.

Walipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha nikaona mambo mengine. Swali gumu anapewa mvulana. Msichana anaitwa kusoma swali kwa sauti au kufuta ubao. Msichana akikosa anaambiwa, "Usijali, kaa." Mvulana akikosa anaambiwa, "Hebu fikiri tena." Tena wakurufunzi wa kike wanafanya hivyo sawasawa na wa kiume. Mmoja wao aliwaambia watoto kwamba hata yeye hesabu zilimshinda, akidhani anawatuliza.

Tuliporudi chuoni nikalileta jambo hili darasani. Mkurufunzi mmoja akasimama akasema wavulana wamezaliwa na hesabu na wasichana wamezaliwa na lugha, ndivyo tulivyoumbwa. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wakiwemo wanawake.

Naomba unisaidie mambo matatu. Nitajuaje wanachoamini kweli? Nifanye nini nao, nikiwa na vipindi viwili kwa wiki kwa wiki 10 zilizobaki? Na yule kijana nimjibu nini bila kumuaibisha?

Mkufunzi wa Hisabati

Jibu

Mwalimu, pole na kazi. Umefanya vizuri kukaa nyuma ya darasa ukaangalia, maana wengi huishia kwenye dodoso.

Wakurufunzi wako hawakukudanganya. Kauli uliyowapa inauliza kuhusu wavulana wote na wasichana wote, na jibu linalotakiwa linajulikana kabla mtu hajamaliza kuisoma. Mtu anaweza kuikataa kwa moyo wake wote, kisha muda mfupi baadaye akamwona Asha aliyepata 9 kati ya 10 kuwa mtoto wa bidii, na Juma aliyepata 9 hiyohiyo kuwa mtoto wa akili. Imani inayofanya kazi darasani imekaa hapo, katika sababu anazozitoa mwalimu kwa kufaulu na kukosa kwa mtoto mmoja mmoja.

Mwaka 1990 Elizabeth Fennema na wenzake walichapisha utafiti juu ya walimu wa darasa la kwanza nchini Marekani. Walimu hao waliulizwa kuhusu wanafunzi wao waliofanya vizuri zaidi katika hisabati. Wavulana walipofaulu, walimu walitaja uwezo. Wasichana walipofaulu, walitaja bidii. Bidii ni sifa njema, kwa hiyo hakuna anayeshtuka akiisikia. Lakini machoni pa mwalimu, mtoto wa bidii ameshatumia alichonacho, na mtoto wa akili bado ana akiba. Swali gumu humwendea mwenye akiba. Uliyoyaona kwenye mazoezi yanaanzia hapo.

Sasa namna ya kupima. Andaa kazi sita za wanafunzi zilizoandikwa kwa mkono: moja sahihi kabisa, moja iliyokosewa yote, na nne zilizo katikati, ambazo njia ni nzuri lakini kuna kosa mahali. Hizo nne ndizo zenye manufaa, kwa sababu jibu sahihi kabisa halimwachii msahihishaji nafasi ya kukisia. Tengeneza matoleo mawili. Kazi iliyo na jina la Asha katika toleo la kwanza iwe na jina la Juma katika toleo la pili, na kila toleo liwe na wasichana watatu na wavulana watatu. Changanya karatasi kama karata kabla ya kugawa, 20 za toleo hili na 20 za lile. Usigawe kwa safu za viti, maana marafiki hukaa pamoja. Zoezi liishe katika kipindi kimoja. Wakitoka nje katikati watalinganisha karatasi na mambo yatajulikana.

Kwa kila kazi waulize mambo matatu: alama kati ya 10, uwezo wa mwanafunzi huyu katika hisabati, kuanzia 1 hadi 6, na sentensi moja inayoeleza kwa nini amefikia hapo. Usiishie kwenye alama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliwapa walimu kazi zenye majina ya aina hii. Katika kuamua kama jibu ni sahihi, haukuonekana upendeleo. Ulionekana walimu walipoombwa kukadiria uwezo wa aliyeandika, na wasichana walikadiriwa chini. Kwa hiyo mkurufunzi anaweza kusahihisha kwa haki kabisa na bado akampangia mtoto kundi lisilo lake.

Sentensi zile ndizo hazina yako. Mwombe mkufunzi mwenzako mzigawe katika mafungu manne, kila mtu peke yake, majina yakiwa yamefunikwa: uwezo, bidii, ugumu au urahisi wa swali, bahati au msaada. Mkitofautiana sana, maana yake mafungu hayako wazi. Yaelezeni upya kisha mrudie. Halafu fungueni majina mhesabu. Tofauti ya nusu alama kwenye wastani wa watu 20 kwa 20 inaweza kuwa ya bahati tu, usiijengee hoja. Tofauti inayoelekea upande mmoja katika kazi tano kati ya sita, ikifuatana na sentensi za aina moja, hiyo izungumzie.

Usiingie ukiwa na jibu mkononi. Nchini Ufaransa utafiti wa Camille Terrier ulikuta walimu wa hisabati wakiwapendelea wasichana katika alama, na wavulana wakarudi nyuma. Ukikuta hivyo kwa wakurufunzi wako, liseme vilevile.

Kipimo cha pili ni jedwali la kuangalia somo. Kwa dakika 20 andika kila swali linapoulizwa: nani ameitwa, swali ni la aina gani (la kukumbuka au la kueleza kwa nini), mwalimu amesubiri sekunde ngapi, na baada ya jibu lisilo sahihi kimefuata nini. Kosa linalofanyika mara nyingi hapa ni kuhesabu maswali yote kwa jumla. Chukua darasa la wasichana 24 na wavulana 16. Wasichana ni asilimia 60, basi katika maswali 30 tungetarajia wapate karibu 18. Mkurufunzi anaweza kuwapa 18 kamili, ukaandika "amezingatia jinsia" na kuondoka. Tazama ndani: maswali ya "kwa nini" yalikuwa 10, na wasichana wamepata 2. Walichopewa kwa wingi ni kusoma swali, kutaja jedwali la kuzidisha na kurudia kanuni. Hesabu kila aina peke yake, kila mara ukilinganisha na idadi ya watoto waliomo darasani.

Hayo yatakula wiki mbili za kwanza. Ukiyarudisha kwa wakurufunzi, leta matokeo ya kundi zima bila jina la mtu, na usitumie neno "wabaguzi". Anayeaibishwa mbele ya wenzake hujifunza kuficha, na tayari unao 40 wanaojua kujaza dodoso. Waonyeshe sentensi zao wenyewe katika safu mbili, za Asha na za Juma kwa kazi ileile, kisha wape dakika tano wasome kimya kabla ya mtu yeyote kusema.

Kabla ya kuingia kwenye mbinu, kuna jambo ambalo kozi nyingi za jinsia hulipita: wasiwasi wa mwalimu mwenyewe kuhusu hesabu. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake walichapisha utafiti wa walimu 17 wa kike wa darasa la kwanza na la pili pamoja na wanafunzi wao. Mwanzoni mwa mwaka wasiwasi wa mwalimu haukuhusiana na matokeo ya watoto. Mwishoni, kadiri mwalimu alivyokuwa na wasiwasi zaidi, ndivyo wasichana wake walivyoelekea kuamini kwamba wavulana ni wa hesabu na wasichana ni wa kusoma, na wasichana walioamini hivyo walikuwa na matokeo ya chini. Wavulana hawakuguswa. Yule mkurufunzi wako aliyesema hesabu zilimshinda alikuwa na nia njema, lakini mtoto wa kike anayemtazama mwanamke aliyesimama mbele kama mwalimu wake hupokea kitu kingine kabisa. Sentensi hiyo isitamkwe darasani hata kwa mzaha.

Kumkataza hakutoshi, kwa sababu wasiwasi unabaki. Unapungua anapoielewa hesabu anayoifundisha. Kwa hiyo wiki ya 3 hadi ya 5 zitumie kwa hisabati yenyewe ya shule ya msingi, ukidai sababu na si kanuni. Anza na kugawanya sehemu. Waandikie 1¾ ÷ ½ na uwaombe jibu pamoja na hadithi inayolingana nalo. Wengi watageuza na kuzidisha wapate 3½, lakini hadithi yao itakuwa ya kugawana 1¾ kwa watu wawili, ambayo jibu lake ni ⅞. Kosa linatokea kwa sababu kugawanya kwa nusu na kugawa kitu katika nusu mbili yanasikika karibu sawa. Waache wapime utepe wa mita 1¾ kwa vipande vya nusu mita: vitatoka vitatu, na kitabaki robo mita, ambayo ni nusu ya kipande. Hapo 3½ inaonekana kwa macho. Endelea hivyo na hasi mara hasi, kuazima katika kutoa, na kwa nini eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Usichukue mada nyingi. Mada nne zilizoeleweka hadi mzizi zinampa mkurufunzi ujasiri kuliko kumi na mbili zilizopitiwa haraka.

Wiki ya 6 hadi ya 8 ni za mwenendo darasani, na hapa fanyeni mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe: mmoja anafundisha dakika nane, watano ni wanafunzi, mmoja anashika saa na jedwali.

Anza na kusubiri. Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida mwalimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Muda ulipofika sekunde tatu, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Utaratibu uwe huu: swali kwanza, kimya cha sekunde tatu hadi tano, ndipo jina. Jina likitangulia swali, watoto wengine wote wameshapumzika. Na wanaonyoosha mikono upesi ni wale wenye kujiamini, si lazima wenye jibu, kwa hiyo majina yachotwe kwa vijiti kutoka kwenye kopo, kila kijiti kikiwa na jina la mtoto mmoja.

Vijiti vina mtego wake. Kijiti kinamwangukia msichana, ananyamaza, mkurufunzi anamwonea huruma na kumrukia mvulana "amsaidie". Hesabu ya vijiti itaonyesha usawa, na somo lenyewe limemwambia msichana kwamba hakutarajiwa kujibu. Weka kanuni moja isiyovunjwa: aliyeulizwa ndiye anayemaliza. Mwalimu anaweza kugawa swali vipande, kumpa ubao achore, au kumwambia "nakurudia baada ya dakika moja" na kweli akamrudia.

Kisha maneno yanayofuata kosa. "Usijali, si kila mtu anaweza hesabu" linatoka kwenye moyo wa huruma na linaumiza. Utafiti wa Aneeta Rattan, Catherine Good na Carol Dweck wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wanafunzi waliofarijiwa namna hiyo walielewa kuwa mwalimu hatarajii mengi kutoka kwao, na wenyewe wakajitarajia alama za chini. Badala ya faraja, mtoto aonyeshwe mahali pa kosa. Tuseme ana 3x + 6 = 15 na ameandika x + 6 = 5. Mkurufunzi aseme: "Umegawa kwa 3 hapa na hapa. Hii 6 umeifanyaje?" Mtoto ataona, ataandika x + 2 = 5, na x ni 3. Maneno hayohayo kwa Asha na kwa Juma. Sifa nazo vilevile: taja alichofanya, kama "umehakiki jibu kwa kulirudisha kwenye mlinganyo", usimwachie mmoja akili na mwingine jitihada.

Liondoe pia lile la "hata wasichana wanaweza kama wavulana", ambalo najua vyuo vingi hulitundika ukutani kwa nia safi. Eleanor Chestnut na Ellen Markman walionyesha mwaka 2018 kwamba watu wazima wakisoma kuwa wasichana ni hodari katika hisabati sawa na wavulana, huhitimisha kwamba wavulana ndio wenye kipaji cha asili, kwa sababu wamefanywa kipimo. Ukilazimika kulinganisha, sema "wasichana na wavulana ni hodari sawa". Darasani ni bora usilinganishe kabisa.

Kusahihisha ni rahisi kurekebisha: namba badala ya majina, na swali la kwanza la karatasi zote kabla ya kwenda la pili. Kuhusu mifano ya wanawake wanahisabati, Maryam Mirzakhani alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2014, na Maryna Viazovska akaipata mwaka 2022. Watajeni, lakini pamoja na kazi zao. Viazovska alithibitisha namna ya kupanga mipira kwa kubanana kabisa katika nafasi ya vipimo 8, badala ya vitatu tulivyozoea (urefu, upana na kimo). Watoto wanaweza kupanga sarafu mezani na kuona tatizo linavyoanza. Picha ukutani bila kazi humfanya aonekane kiumbe wa ajabu, na mtoto hajifananishi na kiumbe wa ajabu.

Moja la kuacha nje ya kozi yako. Huenda umesoma kwamba kumkumbusha msichana jinsia yake kabla ya mtihani kunashusha alama zake. Jaribio kubwa la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2018, lenye wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, halikuona athari hiyo. Usiliweke kama msingi, mkurufunzi mdadisi ataliangusha na mengine yote yataanguka nalo.

Sasa yule kijana. Usimjibu kwa dini wala kwa hasira. Amesema wazi kile ambacho wenzake walificha, na hilo lina faida kwako. Mwombe yeye na darasa zima waandike kwenye karatasi: tukichukua mvulana mmoja na msichana mmoja kwa bahati nasibu, mara 100, mvulana atamshinda msichana kwenye mtihani wa hisabati mara ngapi? Kusanya karatasi, andika makadirio ubaoni. Kisha waeleze kwamba mwaka 2010 Sara Lindberg, Janet Hyde na wenzao walikusanya tafiti 242 zenye watu zaidi ya milioni moja, na tofauti ya wastani ikawa 0.05 ya mkengeuko wastani (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) kwa upande wa wanaume. Igeuzeni pamoja iwe jibu la swali lako: mara 51 kati ya 100. Chora ubaoni mikondo miwili ya mgawanyo wa alama, wa wavulana na wa wasichana, yenye tofauti hiyo. Chaki moja itafunika nyingine, kwa kuwa inafunikana kwa karibu asilimia 98.

Naye mpe haki yake. Alichokiona shuleni, wasichana wasionyoosha mikono, kipo kweli. Uchambuzi wa data za kimataifa uliofanywa na Nicole Else-Quest na wenzake mwaka 2010 ulikuta tofauti za alama ni ndogo mno, na za kujiamini na wasiwasi ni kubwa kidogo, tena zinabadilika kutoka nchi hadi nchi. Kitu tulichoumbwa nacho hakingebadilika kwa kuvuka mpaka. Mwulize basi: mwalimu asiye na taarifa nyingine ila jinsia ya mtoto, swali gumu ampe nani? Muache ajibu mwenyewe.

Wiki ya 9 mpe yeye saa na jedwali, aangalie masomo matatu ya wenzake na kuleta hesabu. Wiki ya 10 usirudie dodoso. Andaa kazi sita mpya zenye makosa mapya, kwa sababu zile za kwanza wanazikumbuka, na uwaulize maswali yaleyale matatu. Linganisha jedwali la somo la mwisho la kila mkurufunzi na lile la mazoezi ya kwanza. Ukiona maswali ya "kwa nini" yamewafikia wasichana kwa uwiano wao lakini sentensi bado zinasema bidii kwa Asha na akili kwa Juma, usikate tamaa nao. Mwenendo mara nyingi hutangulia, na watoto wanaofundishwa leo wanahitaji mwenendo kwanza. Ukiona kinyume chake, sentensi nzuri na jedwali lilelile, rudi kwenye vijiti na saa.